Mgongo Mwembamba na Kiolezo cha Karatasi

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa chama cha washonaji katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu cha Ushirika)



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, mizani na mazao kwa ufasaha ambao sisi hatuuwezi. Sisi ni chama cha washonaji, na robo saa tuliyopewa twaomba tuitumie kwa jambo lenye upana wa inchi 1 tu, yaani ile inchi inayozidi nyuma ya gauni la mwanamke mwenye mgongo mwembamba. Wapo watakaocheka, na wacheke. Lakini inchi hiyo imezaa hoja ambayo wanachama wetu wataipigia kura katika mkutano mkuu ujao, na yafaa kila mmoja ajue anapiga kura juu ya nini.

Hoja yenyewe ni hii. Maagizo ya sare yanaongezeka, sare za harusi, za kwaya na za shule. Wanachama kadha wamependekeza kwamba nguo zote za agizo moja zikatwe pamoja kwa tabaka, kila kipimo cha kifua kiwe na kiolezo chake kimoja, na vipimo vingine viachwe ili tuokoe wakati. Kukata kwa tabaka hatukupingi. Tunalolipinga ni kukifanya kifua kuwa ndicho kipimo pekee cha sehemu ya juu ya mwili, maana kifua hakisemi lolote juu ya mgongo.

Wanawake wawili waweza kuwa na kifua cha inchi 38 sawasawa. Mmoja ana mgongo mpana na si mkubwa mbele. Wa pili amejaa mbele, na mgongo wake ni mwembamba kama wa msichana. Utepe ukizungushwa huleta hesabu moja kwa wote wawili. Ni kama mizani iliyopima kahawa pamoja na gunia lake: hesabu ni ya kweli, ila haikwambii kahawa ni kiasi gani. Kiolezo nacho kilichorwa na mtu aliyekisia sehemu gani ya zile inchi 38 iko mbele na sehemu gani iko nyuma. Makampuni makubwa ya Marekani, kwa mfano, huchora violezo vingi vya wanawake kwa kudhani kwamba kifua chenyewe kinazidi kifua cha juu, yaani kile kinachopimwa chini ya makwapa na juu ya matiti, kwa inchi 2 hivi. Mwanamke ambaye tofauti yake ni inchi 4 akichaguliwa kiolezo kwa kifua chake kilichojaa, atapata nguo inayomtosha mbele na kumpwaya nyuma, na kosa si la mwili wake.

Hapa tuseme neno la pembeni. Mafundi wa kanzu wa mwambao hawakusumbuliwa sana na jambo hili. Kanzu ina badani, nacho ndicho kipande kikuu cha mbele na nyuma, na ubavuni ina taharizi za kuipanua. Nguo huning'inia kutoka mabegani na kuuacha mgongo upite ndani yake kwa raha. Taabu ilikuja na gauni la kubana lenye mkono wa kupachikwa, na ikazidi violezo vya karatasi vilipoanza kuuzwa kwa vipimo vilivyopangwa. Kazi hiyo ilianzwa mwaka 1863 na fundi mmoja, Ebenezer Butterick, wa mji wa Sterling katika jimbo la Massachusetts. Jimbo hilo si geni kwetu hata kidogo, maana ndiko walikotoka wafanyabiashara wa Salem waliouza Unguja ile nguo nyeupe ngumu ambayo mpaka leo twaiita marekani. Tutairudia marekani hivi punde.

Kwanza fundi aujue ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Mteja asimame wima, mikono chini, nasi tumtazame kwa nyuma. Kama kitambaa kimefanya mikunjo ya kwenda juu na chini baina ya mkono na mkono, hapo ndipo nguo ilipozidi upana. Mikunjo ikilala kwa mlalo chini ya shingo, nguo imezidi urefu, wala si upana. Mteja huyo husimama amejinyosha sana. Mikunjo ikishuka kwa mshazari kutoka shingoni kwenda kwapani, mabega yake yameteremka. Fundi asiyetofautisha hayo matatu atapunguza asipopaswa, na mwisho wake ni kufumua.

Dawa mbili hutumiwa sana na zote mbili hazifai. Ya kwanza ni kubana mishono ya ubavuni. Nguo itabana kifuani na kwapani, na mteja hataweza kuinua mkono kushika nguzo ya basi, hali pale penye makombe ya mabega, palipozidi, pamebaki kama palivyokuwa. Ya pili ni kubana mshono wa katikati ya mgongo. Hiyo yafaa pale tu ambapo nguo imezidi tangu shingoni mpaka kiunoni. La sivyo shingo inabana, zipu inapinda, na kama kitambaa ni kitenge chenye ua kubwa, lile ua la katikati linamezwa na mshono. Mwanamke aliyechagua kitenge kwa ajili ya ua lile hatatusamehe.

Basi tupime mgongo wenyewe. Tafuta kwa kidole ule mfupa uliotokeza chini ya shingo, shuka kama inchi 4, kisha pima kwa mlalo kutoka mkunjo wa mkono mmoja, pale mkono unapoungana na mwili, mpaka mkunjo wa mkono wa pili, mikono ikiwa imening'inia. Andika. Halafu mwambie mteja akumbatie mikono yake mbele, ukapime tena. Kipimo cha pili hakitumiki kukatia. Kinakuonya tu jinsi mgongo huo unavyotanuka mtu anapofanya kazi. Mwenye mgongo mwembamba naye huinama kuteka maji na kubeba mtoto, na nguo iliyopunguzwa bila kuachwa nafasi itampasukia. Pale fundi ni mwanamume, ndugu wa kike wa mteja au mwanachama mwenzetu wa kike ashike utepe, naye fundi asome na kuandika. Heshima hiyo imetuletea wateja wengi kuliko tangazo lolote.

Tuchukue mfano. Mteja ana upana wa mgongo wa inchi 13. Nusu yake ni inchi 6 na nusu. Tunaongeza robo inchi ya kujinyosha, tunapata inchi 6 na robo tatu. Kiolezo, tukikipima mahali pale pale, tangu katikati ya mgongo mpaka kwenye mstari wa mshono wa tundu la mkono, kinaonyesha inchi 7 na robo. Imezidi nusu inchi kila upande, yaani inchi 1 kwa mgongo mzima. Na apimaye akomee kwenye mstari wa mshono, wala si kwenye ukingo wa karatasi, maana ukingo una akiba ya mshono ndani yake.

Kiolezo cha asili kisiguswe. Tukinakili kwenye karatasi nyingine. Hata karatasi ya mfuko wa saruji yafaa ikikung'utwa vizuri. Juu ya nakala ya badani ya nyuma, piga mstari kutoka katikati ya bega kwenda chini, sambamba na mstari wa katikati ya mgongo, mpaka upite kidogo chini ya tundu la mkono. Hapo upinde mstari kwa kona, uupeleke mpaka utokee kwenye mshono wa ubavu. Kata. Utashika mkononi kipande chenye nusu ya bega, tundu lote la mkono na sehemu ndogo ya ubavu. Kisogeze ndani kwa nusu inchi, kipande juu ya kile kikubwa, usikiinue wala usikishushe, kisha kigandishe. Tundu la mkono limesogea lote pamoja na umbo lake halikuharibika. Hiyo ndiyo faida ya njia hii.

Ubavuni kumebaki ngazi. Ifute kwa mstari mpya kutoka kwapani mpaka kiunoni. Bega nalo limefupika nusu inchi, na hapa ndipo mafundi wetu hubishana. Mgongo mwembamba na mabega membamba si kitu kimoja. Kama mabega ya mteja nayo ni membamba, acha bega la nyuma lilivyo, ukalifupishe na la mbele kwa kiasi hicho hicho ili yaonane. Kama mabega yake ni ya kawaida, irudishe ile nusu inchi kwenye ncha ya bega, na kutoka hapo uchore upinde mpole uingie kwenye tundu la mkono. Wengi husahau, na mteja hurudi akisema kwamba mkono umempanda begani.

Tena tuangalie kifua. Kwa kusogeza kipande tumepunguza inchi 1 katika mzingo wote. Kwa yule aliyejaa mbele tumemnyang'anya kitu alichokihitaji. Basi badani yake ya mbele iongezwe nusu inchi kila ubavu, kwapani, na nyongeza hiyo ipungue mpaka iishe kiunoni. Mshono wa ubavu utarudi nyuma kidogo, na hatujaona mteja aliyeutambua. Njia nyingine ni kuchagua kiolezo kwa kifua cha juu tangu mwanzo na kuipanua badani ya mbele peke yake; kwa mwenye tofauti kubwa ndiyo bora, ingawa yataka mkono uliozoea.

Tofauti ikiwa robo inchi kila upande au chini ya hapo, hakuna haja ya kukata kiolezo. Ingiza mstari wa tundu la mkono kwa kiasi hicho katikati ya urefu wake wa nyuma, ukiuacha ufe polepole kuelekea begani na kuelekea kwapani. Kwa njia yoyote utakayoshika, pima tundu la mkono lote kwenye mstari wa mshono, upime na kichwa cha mkono, ukalinganishe na ilivyokuwa kabla ya kurekebisha. Ile ziada ya mkono juu ya tundu isiongezeke wala isipungue.

Sasa marekani. Kwa agizo la gauni moja la kitambaa cha bei nafuu, piga bandi kwa uzi mrefu na umjaribishe mteja, yatosha. Kwa agizo la sare za harusi, ambapo vitenge vimenunuliwa kwa michango na duka halina tena rangi ile, tunataka kila mwenye mgongo uliotofautiana na kiolezo kwa inchi 1 au zaidi ashonewe kwanza badani tupu ya marekani, bila mikono, bila ukosi. Marekani hiyo haipotei. Hufumuliwa, ikapigwa pasi, ikamtumikia mwingine, na mwishowe huwa vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani.

Tumeulizwa: nani atalipa muda huo? Twajibu kwa kitabu cha maagizo. Kitabu hicho kina safu ya kifua, ya kiuno, ya nyonga na ya urefu. Tunaomba ziongezwe safu mbili, kifua cha juu na mgongo. Kuzijaza ni kazi ya dakika chache mteja akiwa bado amesimama. Nguo zikatwe kwa tabaka kama walivyopendekeza wenzetu, lakini wenye mgongo mwembamba watengwe katika tabaka lao, wakatiwe badani ya nyuma kwa nakala iliyorekebishwa. Badani za mbele na sketi za kipimo kimoja zaweza kukatwa pamoja na za wengine, isipokuwa wale wanaohitaji nyongeza ya kifuani au kufupishiwa bega. Kitambaa kilicho mezani ni mali ya wanachama wote mpaka kikabidhiwe. Kikiharibika, hasara haimwendei fundi aliyekata peke yake, bali huingia katika faida ya mwisho wa mwaka ya kila mmoja wetu, hata ya yule asiyejua kushika mkasi.

Nguo za shule zina shauri lake. Msichana mwenye mgongo mwembamba mwezi wa kwanza huenda asiwe nao mwezi wa kumi, kwa hiyo mishono ya ubavu iachiwe akiba ya inchi nzima, na mgongo upunguzwe kwa njia ile ndogo ya tundu la mkono tu. Wazee nao, ambao migongo yao imeinama na kutanuka, wanataka marekebisho ya kinyume, nayo ni hotuba nyingine.

Nakala za badani zilizorekebishwa, za kifua cha inchi 34, 36, 38 na 40, zimetundikwa katika chumba cha kukatia, nyuma ya mlango, na kila moja imeandikwa upana wake wa mgongo kwa kalamu nyekundu. Jumamosi alasiri tutakata moja mbele ya wote wapendao kuona. Mje na mikasi yenu, kwa kuwa ya chama ni miwili.