Gita na Mwenyewe
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lupiro)



Wenzangu wamezungumzia madawati na maktaba. Mimi nimeombwa nieleze kwa nini mtumishi wa Serikali, mwenye mshahara mnaoujua, anakusanya magita makuukuu. Nyumbani nako naulizwa swali hilo hilo.

Ninayo manne tu. Ninayoyatafuta ni yale yenye kifua kilichobinuka na matundu mawili ya herufi f, kama fidla. Mafundi huyaita achitopu. Kifua hicho hakikubinuliwa kwa urembo. Kabla ya vipaza sauti vya umeme, gita lilipaswa kusikika katikati ya matarumbeta na ngoma. Huko Marekani kampuni ya Gibson ilitoa lake maarufu, L-5, mwaka 1922. Fundi John D'Angelico wa New York alitengeneza zaidi ya 1,100 kuanzia 1932 hadi alipofariki 1964. Hayo siyawezi hata nikiuza nyumba. Yangu ni ya kiwandani, ya bei ya chini.

Mkoa wetu wa Morogoro ni mkoa wa gita. Hapa ndipo Salum Abdallah alipoongoza Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe alipovuma na Morogoro Jazz, kabla ya kuanzisha Super Volcano na kufariki mwaka 1979. Sauti zao zimebaki kwenye santuri. Je, wapigaji wa vijijini, ambao hawakurekodiwa?

Nilipokuwa kijana kazini nilikuja likizo, nikavuka mto Kilombero kwa pantoni, maana daraja lilizinduliwa mwaka 2018. Hapa Lupiro nikanunua gita la aina hiyo kwa mzee mmoja. Lilikuwa darini, shingo imepinda, gundi imeachia kwa unyevu wa masika. Mzee akaniambia, "Kaa mwanangu, nikusimulie nilikolipigia." Nikamjibu, "Samahani mzee, pantoni itaniacha. Nitarudi."

Nilirudi baada ya miaka miwili. Nikaonyeshwa kaburi.

Fundi amelitengeneza, linalia vizuri. Lakini hata wanawe hawajui baba yao alipiga na bendi gani, wala alifundishwa na nani. Nimeokoa mbao, habari zake zimezikwa naye.

Vijana, kazi hii haihitaji fedha. Chukueni daftari na kalamu, muwaendee wazee, mwandike jina, mwaka, bendi na mahali. Mkiambiwa kaeni, kaeni.

Mwalimu Mkuu, gita lile ndilo hili. Nalikabidhi kwa shule. Lisifungiwe kabatini, lipigwe. Wakati wa likizo nyuzi zilegezwe, na lisiwekwe karibu na bati la paa. Akitokea mtu anayekumbuka lilikopigwa, mwandikeni siku hiyo hiyo.