Mbwa Mzee Akitetemeka, Tusikimbilie Mawe

Maongezi na vikundi vya kujisaidia, Magogoni, Kisauni

Tunajua wengine mmeshangaa kusikia kwamba leo tutazungumza juu ya mbwa. Mmezoea tuje na habari za mikopo, vyoo na maji safi. Lakini jambo hili limetufika hapa hapa kwetu, na tuliahidi kulisema wazi.

Mnamkumbuka Simba, mbwa wa yule mama auzaye mboga. Alilinda ile nyumba miaka kumi na moja. Mwaka jana miguu yake ya nyuma ilianza kutetemeka kila akiinuka. Radi ikipiga, anajibanza chini ya kitanda. Usiku anazunguka ua, anabwekea ukuta. Asubuhi moja mtoto wa jirani akamkanyaga mkia, naye akagutuka, akamtolea meno. Hakumng'ata. Lakini neno likatoka: "Huyu ana kichaa!" Kufika adhuhuri vijana walikuwa wamemmaliza kwa mawe.

Yule mama alikuja kwetu akauliza, "Dada, kweli Simba alikuwa na kichaa?" Tukamwuliza ametetemeka tangu lini. Akasema, miezi minane. Jibu tulilijua papo hapo, lakini ilitubidi tunyamaze kwanza.

Waliomuua si watu wabaya. Wana watoto, na waliogopa. Na sisi pia tuna lawama. Miezi mitatu kabla ya hapo yule mama alitusimamisha njiani akatueleza hali ya mbwa wake. Tukamjibu, "Ni uzee tu, mama," tukapita zetu. Kumbe uzee nao una mambo yake ya kujua.

Kichaa kina mwendo wake

Tuanze na hofu kubwa. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kweli, na mtu akishaonyesha dalili ni nadra sana kupona. Karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani wameupata kwa mbwa. Kwa hiyo hatusemi msiogope. Tunasema, mjue mnachokiogopa.

Mbwa akishaanza kuonyesha dalili za kichaa, haendi mbali. Kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi. Tabia yake hugeuka ghafla: mpole anakuwa mkali, au mkali anakuwa mpole kupita kiasi. Anang'ata hata mti na mawe. Sauti yake inabadilika, taya linalegea, mate yanamtoka, kumeza kunamshinda. Mwisho anapooza.

Sasa pimeni wenyewe. Mbwa aliyetetemeka miezi minane, na bado anakula na kumjua bwana wake, kutetemeka huko si kwa kichaa. Lakini tahadhari: mbwa mzee asiyechanjwa anaweza kupata kichaa kama mwingine yeyote. Hali yake ikigeuka ghafla, msiseme tena "ni uzee".

Uzee nao una mambo yake

Mbwa wa miaka kumi ni babu. Viungo vinamwuma, hasa nyonga na magoti, na misuli imepungua. Akilala juu ya sementi yenye baridi, akiinuka miguu inacheza. Wengine wana mtoto wa jicho au masikio yamekufa. Ukimshika ghafla anashtuka, na anaweza kung'ata kwa woga. Wengine akili zao zinachoka, kama wazee wetu wanaosahau mlango wa nyumba yao. Mbwa wa namna hiyo atazunguka usiku, atasimama kwenye pembe ya ukuta asijue kurudi nyuma. Yule Simba aliyebwekea ukuta huenda alikuwa amepotea ndani ya ua wake mwenyewe.

Kuna kutetemeka kwa woga pia. Radi za masika, na zile fataki za usiku wa mwaka mpya, humtisha mbwa mzee kuliko zamani. Na kuna magonjwa, kama ya figo, au yale yanayoletwa na kupe, ambayo humfanya mbwa anyong'onyee na kutetemeka. Hayo ni ya daktari wa mifugo.

Jambo jingine ni sumu. Mbwa akila sumu ya panya, au akioshwa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe iliyokolezwa kwa kukisia, anaweza kutetemeka mwili mzima, kutapika na kutoa povu muda mfupi tu baadaye. Kwa macho anafanana na mwenye kichaa. Msimtie mkono mdomoni, msimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu. Mwiteni daktari upesi.

Kumtunza si gharama kubwa

Mpeni gunia kavu alalie, mahali pasipovuja. Chombo cha maji kiwe pale pale siku zote ili asitafute. Chakula kiwe laini, ugali na mchuzi wa dagaa unatosha. Mwiteni kabla ya kumgusa, na watoto wafundishwe kutomsogelea akilala au akila. Mawingu yakitanda, mwingizeni mahali pa kujificha kabla radi haijaanza. Msimpige kwa sababu ya kuogopa. Na jamani, msimpe vidonge vyenu vya maumivu. Ibuprofen ya binadamu huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Jirani zetu wengi hapa mate ya mbwa kwao ni najisi, na wengine hupita alfajiri kwenda msikitini. Mwenye mbwa amfungie ndani ya ua. Huo ni ujirani mwema, nao humlinda mbwa mwenyewe asishukiwe bure.

Mawe hayakutusaidia

Hebu tufikiri pamoja. Kama Simba angekuwa na kichaa kweli, mawe yangetusaidia nini? Vijana walimsogelea karibu, angeweza kuwang'ata. Kisha wakamburuta kwa mikono mitupu, mate na damu zikiwapaka. Na kichaa huthibitishwa kwa kupima ubongo. Kichwa kikishapondwa, maabara itapima nini?

Mkimshuku mbwa, ondoeni watoto, mfungieni ndani ya ua au chumba kama inawezekana bila kumshika, kisha mpelekeeni habari chifu au afisa wa mifugo. Aking'ata mtu, osheni kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Msipake majivu wala pilipili. Msingoje kuona kama mbwa atakufa. Sindano zianze, na mbwa aangaliwe siku kumi. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, mshukuruni Mungu. Daktari ndiye atakayesema kama sindano zisimamishwe.

Dawa ya hofu yetu ni chanjo. Mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kupita. Serikali yetu ilitoa mpango mwaka 2014 wa kumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, lakini mpango hauwezi kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Kikundi kinaweza. Hesabuni mbwa wa mtaa wenu, pamoja na wale wasio na mwenyewe, andikeni kwenye daftari, kisha katibu apeleke hesabu hiyo kwa afisa wa mifugo na kuomba siku ya chanjo. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inaadhimishwa tangu 2007. Ni siku nzuri ya kuulizia. Kila mwenye mbwa aweke kadi ya chanjo pamoja na kadi za kliniki za watoto. Simba hakuwa na kadi. Siku ile mama yake hakuwa na cha kuwaonyesha vijana.

Yule mama ameanza kufuga mbwa mwingine, mdogo bado. Juzi alitusimamisha tena njiani kutuuliza lini atachanjwa. Safari hii tulisimama.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mtaani kwetu kuna mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa?
2. Mtoto aking'atwa usiku, nani ataleta sabuni, na nani ataita boda boda?
3. Mtu akipiga kelele "Kichaa!", tutamwuliza mwenye mbwa maswali gani kabla ya kuinua jiwe?