Kupanga Siku ya Msikilizaji: Mafunzo Kutoka Ratiba ya BBC Radio 4



Utangulizi

Mada yangu inahusu ratiba: kipindi gani kitangulie na kipi kifuate. Hoja yangu ni kwamba kupanga ratiba ni kazi ya uhariri, sawa na kuchagua habari ya kwanza katika taarifa. Redio ya taifa humpa msikilizaji alichokifuata, kisha ikamkutanisha na jambo ambalo hakujua kuwa linamhusu. Mfano wangu ni BBC Radio 4 ya Uingereza, iliyoanza tarehe 30 Septemba 1967 na kurithi nafasi ya Home Service, idhaa ya awali ya BBC. Karibu muda wake wote ni wa mazungumzo.

Siku inavyokwenda

Siku za kazi, saa 11 na dakika 45 alfajiri, mkulima ana chake: Farming Today. Saa 12 huingia Today, ambamo mawaziri huhojiwa moja kwa moja hewani. Kabla ya saa 2, siasa husimama kwa dakika chache na mtu wa dini akazungumzia jambo la siku kwa jicho la imani. Alhamisi saa 3 asubuhi ni zamu ya In Our Time, kipindi kilichoanza mwaka 1998 na kuongozwa na Melvyn Bragg kwa zaidi ya miaka 25. Wanazuoni huchambua mada moja, wiki hii falsafa ya kale, wiki ijayo fizikia. Aliyefungulia redio ili amsikie waziri akibanwa kwa maswali huondoka na somo ambalo asingelitafuta.

Saa 4 ni kipindi cha wanawake, Woman's Hour, kilichoanza mwaka 1946. Saa 7 mchana habari hurudi kwa kina, na baadaye mchezo wa redio. Saa 12 jioni husikika kengele ya Big Ben, kisha taarifa ya habari. Saa 4 na dakika 45 usiku kitabu husomwa kwa sauti, sehemu baada ya sehemu.

Vipindi viwili kwa karibu

The Archers, mchezo wa kuigiza unaohusu kijiji cha kubuni kiitwacho Ambridge, ulianza kurushwa nchi nzima tarehe 1 Januari 1951. Chakula kilikuwa bado cha mgawo baada ya vita, na serikali ilitaka wakulima wazalishe zaidi. Ushauri wa kilimo ukawekwa midomoni mwa wahusika. Mpaka leo mafundi wa sauti hupata mlio wa geti la shamba kwa kukunjua meza ya kupigia pasi, na kuzaliwa kwa mwanakondoo kwa taulo bichi na mtindi. Uangalifu huo humfanya mkulima aamini kwamba wanaozungumza wanajua zizi.

Kingine ni Shipping Forecast, utabiri wa hali ya hewa kwa vyombo vya baharini, unaosomwa saa 6 na dakika 48 usiku. Maeneo 31 ya bahari hutajwa kwa mpangilio usiobadilika, kuanzia Viking karibu na Norway: upepo, hali ya hewa, umbali wa kuona. Utabiri wote hauzidi maneno 380, na husomwa taratibu ili nahodha aweze kuandika. Wengi wanaousikiliza hawana hata mtumbwi, lakini kila usiku wanakumbushwa kwamba nchi yao ina watu walioko baharini.

Sisi tulikotoka

Jambo hili si geni kwetu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na matangazo ya vifo, salamu, vipindi vya wakulima na hadithi za watoto katika Mama na Mwana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili na kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1993 ukaanza mchezo wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI kupitia maisha ya dereva wa lori na familia yake.

Mapendekezo

Radio 4 hugharamiwa kwa ada ya leseni ya televisheni na haina matangazo ya biashara. Kwa kituo kinachoishi kwa wadhamini, saa nzima ya falsafa ni mzigo. Kwa hiyo napendekeza mambo yanayowezekana. Kwanza, ratiba ijadiliwe katika kikao cha wahariri, na kila kipindi kitajwe kinamlenga nani na yuko wapi saa hiyo. Pili, dakika 15 za mchezo wa redio au usomaji wa kitabu ziwekwe mara tu baada ya taarifa ya habari, wakati redio bado ziko wazi. Tatu, mvuvi wa Kilwa na wa Ziwa Victoria wapate utabiri wao kwa saa ile ile kila siku, kwa mwendo wa kuandikika.

Dakika 15 zinahitaji mwandishi mmoja, waigizaji wachache na mhariri aliyekubali kuzilinda. Naomba kikao hiki cha watangazaji kianze na swali hili: katika ratiba zetu za sasa, ni saa ipi tuko tayari kuilinda?