DAFTARI LA BANDA NDILO MSINGI WA MBEGU BORA
Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Kutimiza Miaka 10 ya Chama Kikuu cha Wafugaji wa Nguruwe



Baada ya miaka 10 ya kuuza pamoja, sasa twataka kuchagua mbegu pamoja. Tutamjuaje dume ambaye binti zake watazaa sana? Yeye mwenyewe hazai, na kuwangoja binti zake ni kazi ya karibu miaka 2. Tena, katika tofauti ya idadi ya watoto baina ya jike na jike, urithi huchangia kama sehemu 1 tu katika 10. Zilizobaki ni malisho, maradhi na matunzo. Jicho peke yake halitoshi.

Mwaka 2001, wataalamu Meuwissen, Hayes na Goddard walionyesha jinsi ya kukadiria ubora wa mnyama kwa kusoma alama nyingi za vinasaba vyake kwa pamoja. Mwaka 2009 kikapatikana kipimo kisomacho alama zipatazo 60,000 za nguruwe. Kipande kidogo cha sikio chatosha, hata mnyama akiwa mchanga.

Lakini alama hizo peke yake ni bubu. Ili zisomeke, sharti liwepo kundi la nguruwe waliopimwa vinasaba, na ambao uzazi, ukuaji na vifo vya watoto wao vimeandikwa. Usahihi wa makadirio hutoka humo. Kundi likiwa kubwa, usahihi huongezeka. Likiwa la ukoo wa mbali, hupungua. Lisipoongezewa habari za kila kizazi kipya, hufifia. Basi makadirio yaliyofanywa kwa nguruwe wa Ulaya hayawezi kutumainiwa vivyo hivyo kwa nguruwe wetu waliochanganyika damu, wanaokula pumba na kuishi katika hali nyingine.

Tutazame Norwei. Norsvin, chama kilichoundwa mwaka 1958, ni ushirika wa wafugaji wenyewe. Huko madume huwekwa katika mtambo wa picha wa CT, kama ule wa hospitali, ili nyama na mafuta vipimwe wakiwa hai. Nguvu yao si mtambo tu. Ni kumbukumbu walizozikusanya miaka mingi.

Ndugu zetu, yapo madaftari ambamo watoto waliozaliwa wafu hawakuandikwa, ati ni aibu. Jike aliyepoteza watano huonekana sawa na aliyewalea wote. Kosa hilo halibaki katika banda moja. Huingia katika hesabu ya madume ya wanachama wote.

Kwa hiyo twawaomba: kila nguruwe awe na namba sikioni, baba na mama waandikwe, waliozaliwa hai, wafu na walioachishwa wahesabiwe bila kuficha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mbegu bora ni mali.