KISIMA NI MALI YA WOTE
(Maneno ya Katibu wa Kamati ya Maji kwenye mkutano wa kijiji)



Pampu haifi siku moja. Kwanza washa ya ngozi inalika, mpini unakuwa mwepesi, ndoo inachelewa kujaa. Hapo ndipo pa kutengeneza, kwa pesa kidogo. Tukingoja itagoma kabisa, na kina mama watarudi mtoni.

Wapo wanaosema: “Nitoeje mchango na hesabu sijaiona?” Jamani, wana haki. Kila mwezi hesabu itabandikwa hapa ukutani: zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki. Stakabadhi ziko kwa mweka hazina, njoo uzione.

Na wewe unayefunga mbuzi ndani ya uzio wa kisima, acha. Kinyesi kinashuka majini, na mnywaji ni mwanao.

Jumamosi asubuhi tuje na majembe, tuzibue mtaro.