Safari ya Edinburgh



Mwaka 2008 nilikuwa masomoni London, nami nilikwisha andika barua ya kuacha chuo. Ijumaa jioni nikapanda treni, zaidi ya kilomita 600, kwenda Edinburgh kumuaga rafiki tuliyelala naye bweni moja hapa shuleni. Hakunihubiria. Alisonga ugali wa semolina, tukala kwa mkono. Kesho yake akanionyesha chuo kikuu alikosoma Mwalimu Nyerere, 1949 hadi 1952.

“Naye baridi hii ilimpata,” akasema.

Jumapili nikarudi London, nikaichana ile barua.

Vijana, mwenzenu wa bweni ni akiba. Msimtupe.