Kuzungumza Habari za Nyongeza ya Mshahara na Wenzetu Kazini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mgololo)



Kamati imetutaka tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, lakini mkutanoni halitajwi: nyongeza ya mshahara, na jinsi inavyotufunga vinywa tukiwa pamoja na wenzetu ofisini. Twashukuru kwa heshima hiyo, ingawa ingalikuwa rahisi zaidi kupewa habari za kilimo cha chai.

Nanyi mmeyaona. Barua ya kupandishwa daraja inafika. Mwenyewe aisoma amesimama mlangoni, aikunja, aitia mfukoni, kisha arudi mezani kwake na uso wa mtu aliyepata habari ya msiba. Wenzake wawili walioajiriwa pamoja naye wamemwona. Hawaulizi, naye hasemi. Tangu siku ile chai ya saa nne yanywewa kimya. Baada ya majuma mawili fununu zinaanza: amependelewa, ana mtu wake huko wilayani. Labda barua za wale wawili zimelala katika jalada fulani kwa sababu tarehe ilikosewa. Lakini nani atajua, ikiwa hakuna aliyefungua mdomo?

Yafaa tukumbuke ya kwamba mshahara wa mtumishi wa serikali, tangu zamani, ni jambo la kuandikwa na kusomwa. Mwaka 1922 Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha huko Tanga chama cha Waafrika walio katika kazi za serikali. Siku zile mishahara ilipangwa kwa rangi za watu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaletwa Tume ya Holmes, na taarifa yake ya mwaka 1948 ilikubali kwamba Mwafrika akishika kazi ile ile ya Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo ilikuja kukataliwa na Tume ya Lidbury mwaka 1954. Twaitaja habari hii kwa sababu moja. Neno lile la tatu katika tano lilikuwa limeandikwa kwa wino, likaweza kunyoshewa kidole na kujibiwa. Kama kila karani angalikuwa na mapatano yake ya siri na bwana wake, wangalijibu nini?

Hata leo ngazi zetu zimo katika waraka. Anayejua cheo chako na mwaka ulioingia kazini aweza kukisia, bila kukuuliza, kama u katika TGS C au D. Basi tunapoficha, twaficha nini hasa? Kwa maoni yetu hatufichi mshahara. Twaficha kile kinachobaki. Mtu ana mkopo wa benki, ana deni la chama cha akiba na mikopo, ana watoto wawili shuleni Mafinga na mama mgonjwa kijijini. Akitaja mshahara wake aogopa swali litakalofuata: mbona basi huna kitu tarehe kumi?

Hapo ndipo twachanganya mambo mawili, nayo tukiyatenganisha, aibu kubwa yaondoka. Ngazi ya mshahara ni habari ya kazi, yetu sote. Makato na matumizi ni habari ya nyumba. Ya mwenyewe peke yake. Tuchukue watumishi wawili wa daraja moja, kila mmoja ameongezewa shilingi 100,000. Wote wawili watakatwa asilimia 5 kwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii na asilimia 3 kwa Bima ya Afya. Lakini mmoja alisoma chuo kikuu kwa mkopo, naye hukatwa asilimia 15 kwa ajili ya Bodi ya Mikopo. Huyu zimemtoka 23,000 kabla ya kodi, na mwenzake 8,000 tu. Wakilinganisha fedha walizopokea, mmoja ataona amedhulumiwa. Wakilinganisha mshahara wa msingi, ugomvi haupo. Nasi twajua urafiki uliokatika kwa hesabu ndogo kama hiyo, ambayo mtoto wa darasa la saba angaliweza kuifanya.

Mwaka 2022 jambo hili lilitokea kwa nchi nzima. Mwezi wa Mei ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3. Wengi walisikia tarakimu, hawakusikia maneno yaliyofuatana nayo. Ile ilikuwa nyongeza ya kima cha chini, kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000. Wenye mishahara mikubwa zaidi walipangiwa sehemu iliyo ndogo. Mishahara ya Julai ilipotoka, manung'uniko yakawa mengi, kwa maana watu walikuwa wamekwisha kupiga hesabu ya asilimia 23.3 juu ya mishahara yao, na wengine walikuwa wamekwisha kukopa juu ya hesabu hiyo. Katika ofisi nyingi kila mtu alidhani ni yeye peke yake aliyepunjwa. Wale waliokaa pamoja na waraka mezani waligundua siku ile ile kwamba wote wa daraja moja wamepata sawa, hata wakajua lipi la kulalamikia na kwa nani. Mei Mosi ya mwaka 2025, huko Singida, kikatangazwa kima cha chini cha shilingi 500,000, yaani asilimia 35.1, na masikio yetu yakashika tarakimu kwanza vile vile.

Tena matangazo haya hayaji kwetu peke yetu. Hapa Mgololo redio ikisema, muuza duka amesikia, mwenye nyumba amesikia, na mjomba aliye Makambako amepiga simu kabla ya jua kuchwa. Jirani yetu wa kiwanda cha karatasi atuambia kwa kicheko, "Nyinyi wa serikali mmekula!" Mshahara wake yeye hautokani na waraka wetu, bali na mapatano yake na mwajiri wake, na kima cha chini cha kazi za watu binafsi hutangazwa mbali. Tusimbane ataje chake ili kulipiza. Yatosha kumjibu, "Tumeongezwa kidogo, jirani, kwa kadiri ya madaraja."

Sasa jinsi ya kuuliza. Mwenzako usimwulize, "Unapata ngapi?" Swali hilo laingia mfukoni mwa mtu. Mchukue kando, wala si mbele ya wageni au ya mkubwa wake, umwambie, "Kaka, waraka wa Julai wataka sisi tulioajiriwa mwaka mmoja tuwe hatua hii. Wewe umekwisha kuingizwa?" Naye aweza kujibu kwa neno moja tu, ndiyo au bado, bila kuvuliwa nguo. Akipenda kusema zaidi, ni hiari yake. Asipopenda, aseme, "La makato niachie mwenyewe," na neno liishe hapo.

Aliyepata yampasa zaidi kuliko aliyekosa. Ikiwa barua imekufikia nawe wajua wenzako wa daraja lako bado, usingoje waulizwe na tumbo lao. Waambie tarehe ya barua na waraka uliotajwa ndani yake, wapate kufuatilia malimbikizo yao mapema. Hiyo si majivuno. Majivuno ni kununua soda kwa ofisi nzima na kutaja jumla.

Lakini jambo moja twalikataza kabisa: kuichukua hati ya mshahara ya mwenzako na kuipeleka kwa Afisa Utumishi iwe ushahidi wako, pasipo ruhusa yake. Siku hizi hati zasomwa katika simu, na picha moja yazunguka haraka. Ukitaka kudai, dai kwa waraka, kwa barua yako ya ajira na tarehe yako ya kupandishwa. Hayo yatosha.

Twaomba basi kamati ikubali mambo mawili. Kila waraka wa mishahara unapotoka, nakala moja ikae kwa Mwandishi wa chama, mwanachama aweze kuusoma bila kuulizwa sababu. Na wachaguliwe wanachama wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, wa kupokea maswali ya walioachwa nyuma na kuyapeleka kwa pamoja, majina yakitajwa kwa ridhaa ya wenyewe. Kama ni watatu wa daraja moja, barua iwe moja.

Bwana Mwenyekiti, hati zetu za mwezi huu zitatoka kabla ya mkutano ujao. Twaomba mambo hayo mawili yaamuliwe leo.